Jina Lililopondwa Kwenye Shaba

Ashadha, mwezi unaokua, siku ya 11

Leo mungu amelala. Makuhani wamemfunika shuka hekaluni, baragumu zimepulizwa, na hataamka mpaka siku kama hii katika mwezi wa Kartika. Miezi hii minne ya mvua hakuna harusi, hakuna safari, na watawa hawatoki walipo. Mimi pia sitoki nilipo. Magoti yamekataa. Jana mganga alinishika kifundo cha mkono akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida, halafu akaanza kunisimulia habari za ng'ombe wake.

Nimekata majani arobaini ya mvumo ya kuandikia na kuyakausha juu ya jiko. Kwa miaka mingi nimeandika sifa za wafalme, huyu jua, yule simba, na kila neno niliagizwa. Haya sikuagizwa na mtu. Mimi ni Revanayya, mwana wa Kesavayya, mwandishi wa mabamba ya shaba. Nina miaka sabini na miwili. Kuna jambo nililifanya hapa Sampigere nikiwa na miaka thelathini na minne, na nimerudi kufia hapa kwa sababu yake. Nitaliandika. Si leo.

Siku ya 12

Mvua.

Siku ya 14

Mvua. Honnavve amekuja na maziwa. Alisimama mlangoni akinusa.

"Babu, leo umepika au umechoma nyumba?"

"Ugali uliniungulia."

"Ugali wa wimbi hauungui wenyewe. Ulikuwa unaandika." Akachukua chungu akaanza kukikwangua. "Sasa unamwandikia nani, na mfalme wako alishakufa?"

"Najiandikia."

"Basi jisomee kwa sauti, angalau chungu kijue kimeungua kwa sababu gani."

Ana miaka kumi na sita. Ananiletea maziwa tangu ana miaka kumi, mwaka niliorudi kutoka mji mkuu. Hatuna undugu. Mke wangu alifariki huko mjini na watoto hatukujaliwa, kwa hiyo hakuna mtu mwingine duniani anayeniita babu. Akiondoka, nyumba inabaki na mlio wa mvua kwenye vigae, na mimi naanza kuhesabu muda mpaka kesho.

Ashadha, mwezi unaopungua, siku ya 2

Nimelala vibaya. Bora niandike sasa.

Bwawa letu lina ukuta wa udongo na mawe. Ukianza kuutembea na tambuu mdomoni, unafika mwisho tambuu imekwisha. Chini ya maji wanakaa Wanaga, watu wa nyoka, nao ndio wanaoulalia ukuta kwa migongo yao ili usisukumwe. Mtoto wa Sampigere analijua hili kabla hajajua jina la mama yake. Mfalme wa zamani aliagana nao hivi: wao washike ukuta, na sisi kila mwaka, siku ya tano ya Shravana, tumpeleke binti wa ukoo wa walinzi wa mlango wa maji. Binti ashuke ngazi, aingie majini, ataje jina la ukoo wake, Wanaga wamjue, arudi nyumbani. Agano likachongwa kwenye shaba mara mbili. Bamba moja lilizamishwa kwao. La pili lilitundikwa hekaluni. Jina lililochongwa ni la Bira.

Wana wa Bira waliushika mlango wa maji vizazi kumi. Kisha Ketagauda, tuliyemwita Keta, mkuu wa kijiji wa siku zangu, akautaka, kwa sababu anayeushika mlango ndiye anayeamua shamba la nani linywe kwanza. Na mimi nilitaka kuondoka Sampigere. Nilikuwa nimesoma kuliko wote hapa na nilikuwa naandika mipaka ya mashamba ya vitunguu. Ndugu yake Keta alikuwa bawabu wa baraza la mfalme, naye angeniingiza huko.

Tuliliteremsha bamba tukisema linakwenda kusafishwa. Shaba ikipashwa moto hulainika. Tulilipondaponda jina la Bira mpaka likalala, mimi nikaandika jina la Keta juu yake kwa wino, na mchongaji, ambaye hakujua kusoma, akaufuata wino wangu kwa patasi kama alivyozoea kuufuata siku zote. Lile bamba la chini ya maji hatukuweza kuligusa. Nani angelifikia?

Halafu nikalisoma mbele ya baraza la kijiji. Mlinzi wa mlango wakati huo alikuwa Machayya, mtu mfupi mwenye miguu mipana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba alishike bamba. Akapitisha kidole gumba juu ya maandishi, polepole. Akasema, "Mimi sijui kusoma, lakini shaba hii imepondwa."

Watu wakacheka. Mtu asiyejua herufi anamsahihisha mwandishi. Na mimi nikacheka. Mengine yote nilikuwa nimeyapanga na Keta. Kile kicheko nilikitoa mwenyewe.

Mwisho wa kila bamba tunaandika laana: atakayepokonya haki iliyotolewa na mwingine, atazaliwa funza kwenye mavi miaka elfu sitini. Siku ile niliisoma pia, kwa sauti nzuri, mpaka neno la mwisho.

Honnavve ni mjukuu wa Machayya.

Siku ya 3

Ameleta maziwa, na embe changa na chumvi. Nimeshindwa kumwambia.

Siku ya 5

Mvua. Nimeshindwa.

Siku ya 8

Leo alikuja na rafiki yake Padmale, binti wa Bommagauda. Huyu Bommagauda ndiye mkuu wa sasa, mwana wa yule Keta. Mwaka huu zamu ya kushuka majini ni ya Padmale. Kwa miaka thelathini na minane mabinti wa nyumba yao wameshuka ngazi tatu, wametaja jina la Keta, na maji hayakufanya kitu. Zamani, binti wa Bira alipotaja jina lake, uso wa bwawa lote ulitetemeka kinyume cha upepo. Vijana wa leo hawajaliona hilo, wanadhani ni hadithi.

"Mwaka jana dada yangu alilowa magoti tu," Padmale alisema. "Mwaka huu ngazi zote ziko chini ya maji. Nitasimama wapi?"

"Utasimama juu ya kichwa cha Naga," Honnavve akamwambia. "Umwambie asisogee, unajiremba."

"Wewe cheka. Si wewe unayekwenda."

"Ningekwenda. Mimi naogelea na nyati kila siku. Ila huko wanakwenda watoto wa wakubwa."

Alisema hivyo akinitazama, apate kicheko changu. Niliinama nikatafuta chokaa ya tambuu.

Siku ya 9

Mvua imenyesha tangu alfajiri bila kupumua. Wazee wanasema maji hayajafika kwenye jiwe la tembo pale ukutani tangu enzi za babu zao. Yamefika.

Siku ya 10

Mchana huu nimepata mgeni. Mwanamke mzee alikuja barazani amevaa kofia ndefu ya matete wanayovaa wapanda mpunga. Akakaa bila kuombwa.

"Nipishe kidogo, mwandishi, nipumzike."

Nilimsogezea tambuu. Akaisukuma. "Chokaa yake inanichoma."

Ndipo nikatazama sakafu. Maji yaliyokuwa yakimdondoka yalitambaa kwenye vigae na kurudi kwenye pindo la nguo yake. Na macho yake hayakupepesa, hata mvua ilipoyaingia.

"Unanijua?" akauliza.

"Nakujua."

"Basi tusizungushane. Mvua ikiwa ndogo ukuta wenu unasimama wenyewe. Mwaka huu hautasimama. Sisi ndio tunaoulalia, na tumechoka kuwalalia watu ambao hawatuambii ni nani."

"Jina mnalo. Bamba lenu halikuguswa."

"Bamba tunalo. Tunamtaka mtu."

Nikamwambia nitashuka mimi. Anichukue sasa hivi, palepale, nizame, yaishe.

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayejificha nyuma ya nguzo nyembamba. "Tukufanyie nini, mzee? Unataka kufa upesi ili usiseme. Hilo hata samaki wamelielewa." Akainuka. "Siku ya tano, binti wa Keta akiingia na jina lisilo lake, hatutamdhuru. Tutaondoka tu. Ukuta mtaushika wenyewe."

Aliondoka kupitia mtaro wa uani. Kwenye tope hakuacha nyayo, aliacha mburuto mmoja laini.

Siku ya 11

Kwa hiyo mambo ni haya. Nikisema, Padmale hatashuka, Honnavve ndiye atakayeshuka kwenye maji ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuyaona yakiwa marefu hivi. Nisiposema, ukuta utakwenda, na chini ya ukuta ziko nyumba mia nne. Mtu mwema angeshaamua. Mimi nimekaa siku nzima nikiwaza jambo jingine kabisa: kwamba nikisema, kesho yake hakuna atakayekuja kuninusia jiko.

Siku ya 13

Amekuja. Nimeshindwa.

Mwezi mchanga

Amekuja. Alikuwa na kikohozi. Nikampa tangawizi, nikashindwa.

Shravana, mwezi unaokua, siku ya 3

Nimesema.

Alikuja na ufuta na sukari guru ili atengenezee hapa vitonge vya sikukuu ya Naga, kwa sababu paa lao linavuja juu ya jiko. Alikuwa akiviringisha kwenye viganja, na mimi nilimwambia kila kitu tangu moto wa kupashia shaba mpaka kicheko. Sikumtazama. Nilivitazama vitonge.

Hakuacha kuviringisha. Alimaliza ufuta wote, akavipanga kwenye sinia, akanawa.

"Mama anajua?"

"Hapana."

"Babu Machayya alikuwa na nyati saba. Mmoja alimwita Mkwaju Pacha. Mwingine Jiwe Jeupe. Mwingine Bonde la Korongo. Tulidhani ni wazimu wa uzee. Hayo ni majina ya mashamba?"

"Ni mashamba yenu. Yako chini ya mlango wa maji, upande wa mashariki."

Mvua ilikuwa imepungua, na nilimsikia jirani akimgombeza mbuzi wake.

"Keshokutwa utayasema haya mbele ya watu."

"Nitasema. Lakini Honnavve, maji yale…"

"Nani atakubeba?"

"Sijui."

"Nitatuma watu."

Akachukua sinia akaondoka. Mlangoni hakugeuka. Hakuniita chochote.

Siku ya 4

Maziwa hayakuja.

Mchana ngoma ya ukuta imelia. Maji yamepata njia karibu na mlango, yanatema tope. Watu wamechimba udongo na kuubandika mpaka giza, na maji yakaula. Kesho ni siku ya Naga. Kesho hakuna jembe linaloruhusiwa kugusa ardhi, kwa sababu ardhi ni nyumba yao. Leo wanaume walilia kwa hasira, nimeambiwa, wakiyarudisha majembe nyumbani.

Siku ya 5, na ya 6

Naandika haya siku ya sita kwa sababu jana mkono haukushika kalamu.

Walinibeba wawili kwenye kitanda cha kamba, mmoja akilalamika njia nzima kwamba mifupa mitupu haiwezi kuwa mizito hivi, labda nimemeza vitabu. Ukumbi wa hekalu ulijaa. Wanawake walikuwa wametoka kuwamiminia nyoka maziwa kwenye kichuguu, nguo zimelowa. Padmale alisimama mbele amevikwa maua, midomo imekauka.

Nikasema naomba bamba literemshwe. Bommagauda akaniuliza kwa heshima, "Bwana mwandishi, unataka kutusomea? Wakati ni mbaya."

"Nataka kuwaambia nilivyowasomea vibaya."

Nikasema. Sauti yangu siku hizi ni ndogo, ikabidi kuhani ayarudie maneno yangu kwa sauti, na yalivyotoka kinywani mwake yalikuwa mabaya zaidi.

Bommagauda alisubiri nimalize. "Mzee wetu homa imempanda," akawaambia watu. "Baba yangu alimtoa kwenye tope akampeleka kwa mfalme. Leo anamtukana akiwa majivu. Mrudisheni kitandani, mpeni uji."

"Nitakunywa uji baadaye," nikasema. "Mwite mfua shaba."

Mfua shaba alipakaa ukwaju na majivu kwenye bamba, akalisugua, akalikausha, akalilaza karibu na taa ili mwanga ulipige ubavuni. Jina likipondwa halifi. Linabaki kama kovu chini ya ngozi. Chini ya Keta, kama mtu amelala chini ya shuka, watu waliokuwa wanajua kusoma wakamwona Bira. Wasiojua, mfua shaba aliwapitishia vidole vyao juu yake. "Limepondwa," alisema. "Hata mwanafunzi wangu angeliona."

Hakuna aliyecheka. Bommagauda alilishika bamba muda mrefu. Sidhani alikuwa anajua. Baba yake alimwachia uongo kama mtu anavyoachiwa nyumba, akaishi ndani yake.

Padmale ndiye aliyezungumza. "Baba, nilikwambia maji hayatujui." Akavua maua, akavuka ukumbi, akamvisha Honnavve. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mallavve, mama yake Honnavve, alisema, "Haendi." Akasema tena, "Miaka thelathini na minane mmetuchungisha nyati, leo maji yamewafika shingoni ndiyo mnatukumbuka. Haendi."

Honnavve akamwambia sikioni neno ambalo sikulisikia. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akamwachia.

Wakanibeba mpaka ukutani, sijui kwa nini, labda hakuna aliyekumbuka kunirudisha. Udongo ulikuwa unatetemeka chini ya kitanda. Wanaume walisimama mikono mitupu. Honnavve alishuka pale ngazi zilipokuwa, akaingia mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Akataja jina. Sauti yake ilikuwa ile ile anayoitia nyati.

Na bwawa likatetemeka. Uso wote, kutoka ukutani mpaka ng'ambo, kinyume cha upepo. Wazee walipiga magoti. Tundu lililokuwa likitema tope likatema maji safi, kisha matone, kisha likanyamaza.

Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Hakugeuka kurudi. Alikuwa anasikiliza kitu, ameinamisha kichwa, kama mtu anayeelezwa njia. Akaitikia kwa kichwa. Akapiga hatua nyingine, na maji yakajifunga juu ya maua.

Mabinti wa Bira walikuwa wakirudi siku ile ile, wamelowa na wanacheka. Tulimsubiri mpaka jioni. Leo pia tumemsubiri.

Siku ya 9

Hajarudi.

Siku ya 13

Ukuta ni mkavu kama mkeka. Hajarudi. Watu wanapita mbele ya nyumba yangu upande wa pili wa njia.

Shravana, mwezi unaopungua, siku ya 4

Mallavve alikuja na bakuli la ugali na mchuzi wa kunde. Alilitua kizingitini, hakuingia.

"Mama, usijisumbue kwa ajili yangu," nilimwambia.

"Sikuletei kwa huruma. Mkwe wangu Machayya alikufa hujamjibu. Huyu utamjibu. Kwa hiyo kula, uishi."

"Na asiporudi?"

"Kula," akasema.

Siku ya 5

Nimekula.

Siku ya 12

Bakuli linakuja kila siku saa ya kukamua. Tunapeana salamu, basi. Nimegundua kwamba kwa miaka sita sikuwahi kumuuliza Honnavve hata mara moja kama anapenda kuja.

Bhadrapada, mwezi unaokua, siku ya 6

Mvua.

Siku ya 7

Mvua. Kikohozi.

Bhadrapada, mwezi unaopungua, siku ya 9

Ni nusu mwezi ya mababu. Kila nyumba inawawekea marehemu wake matonge ya wali juani, na kunguru akishuka akala, marehemu amepokea. Mimi ndiye wa mwisho kwetu, nimewawekea baba na mama, kunguru wamekula. Kisha nikaweka tonge moja pembeni, nikataja jina la Machayya.

Kunguru walikaa juu ya paa. Walilitazama. Nilisubiri mpaka jua likazunguka nyumba.

Siku ya 10

Nimeweka tena. Hawakushuka.

Ashvina, mwezi unaokua, siku ya 3

Padmale alikuja, akakaa barazani. Aliniambia baba yake ameufunga mlango wa maji na kuweka ufunguo wake wa mbao hekaluni. Hautumii, na hampi mtu. Anakula kidogo.

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda ukutani kila siku kumsimulia habari. Nani amegombana na nani. Sijui kama sauti inafika."

"Habari zangu pia unampa?"

Alifikiri. "Hapana," akasema, kwa upole.

Siku ya 9

Leo kila mtu anakiheshimu chombo cha kazi yake. Wakulima wamepaka majembe manjano. Niliiweka kalamu yangu ya chuma mbele yangu na ua moja. Nikaitazama. Nikaona aibu, nikairudisha kwenye ala.

Ashvina, mwezi unaopungua, siku ya 8

Mvua imekwisha. Bila mlio wake nyumba ni pana sana. Nimemwuliza Mallavve, kwa ajili tu ya kusikia sauti, nyati wanaendeleaje. Akanijibu kwa urefu usiotarajiwa: Jiwe Jeupe amezaa jike, kichwa chake kikubwa, anapiga mateke. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akachukua bakuli.

Kartika, mwezi unaokua, siku ya 2

Damu kidogo kwenye kitambaa. Nimekiosha kabla ya saa ya kukamua.

Siku ya 8

Sijainuka siku mbili. Mallavve ameingia ndani kwa mara ya kwanza. Alinilisha kwa mkono. Alikuwa anafanya kazi, kama mtu anavyomwekea ng'ombe mgonjwa maji. Nilishukuru hata hivyo.

Siku ya 11

Mungu ameamka.

Niliandika sentensi hiyo nikapumzika. Sasa naendelea.

Asubuhi nilisikia baragumu, halafu kelele upande wa bwawa, halafu kimya. Nililala nikitazama mlango. Jua lilikuwa limefika kwenye jiko nilipoona miguu iliyolowa kizingitini.

Amekonda. Nywele zake ni ndefu kuliko ilivyo kawaida ya miezi mitatu. Anapepesa macho, lakini si mara nyingi. Alikaa chini karibu na mlango, mbali na kitanda, ufunguo wa mbao wa mlango wa maji umelala magotini mwake.

"Mwandishi," akasema.

Neno hilo ni cheo changu. Watu wananiita hivyo maisha yangu yote.

"Walikuweka," nilisema.

"Hawakuniweka. Miaka thelathini na minane jina halikutajwa. Kila mwaka ulikuwa na mtu wake aliyepaswa kushuka. Shangazi zangu. Na shangazi za baba, kabla hawajaolewa. Nimewashukia wote. Kila mmoja Wanaga walitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, na mimi wengine sikuwajua, ikabidi niwasimulie niliyoyasikia nyumbani." Akakamua maji kwenye ncha ya nywele zake. "Wana jambo wanaliuliza. Na mimi pia nauliza. Kwa nini ulinyamaza muda wote huo?"

Nilikuwa na miezi mitatu ya kuandaa jibu, na nilikuwa nimeandaa zuri. Sikulitumia.

"Miaka thelathini na miwili niliogopa kupoteza nafasi yangu kwa mfalme. Kisha nikarudi hapa ili niseme. Wewe ukaja na maziwa. Miaka sita iliyobaki niliogopa hutakuja tena."

Alilizungusha lile gogo la ufunguo magotini.

"Ile thelathini na miwili ni ya babu Machayya," akasema. "Akitaka atakusamehe, huko uendako mtaonana. Hiyo sita ni yangu. Kila siku nilikaa hapa nikakukwangulia chungu, na wewe ulikuwa unajua. Nilikuwa nakuambia mambo ambayo mama hayajui. Hiyo sita siisamehe."

"Ndiyo," nilisema.

"Mama ataendelea kuleta chakula."

"Asilete."

"Ataleta." Akainuka. Alisimama kidogo, nikadhani atasema jingine, lakini alikuwa anausikiliza ukuta, kichwa kimeinama, kama siku ile. "Nina kazi," akasema.

Siku ya 12

Leo mlango wa maji umefunguliwa. Nilimsikia kutoka hapa, akiwagombeza wakulima: "Wewe na tumbo lako, zamu yako kesho! Mashariki kwanza!" Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Siku ya 13

Amepita njiani na majembe ya watu begani, anaelekea mashariki. Mbele ya mlango wangu hatua hazikupungua.

Nimebakiwa na jani moja. Nilianza haya ili nitubu, kwa hiyo niandike ukweli. Shaba naitubu. Kicheko nakitubu, nimekitubu kila siku. Ile miaka thelathini na miwili naitubu yote. Miaka sita nimeijaribu tangu juzi, siku moja moja, nikitafuta hata asubuhi moja ambayo ningekubali asije. Sijaipata. Lau ningesimamishwa leo pale mwanzo, mwaka niliorudi, yeye ana miaka kumi na kibuyu kichwani, nadhani ningenyamaza tena.

Mallavve amefika na bakuli. Nimemwomba ampelekee majani haya. Ameuliza yanasema nini. Nimemwambia ni ya Honnavve, awashie jiko au amtafute wa kumsomea.

Ameyafunga kwenye ncha ya sari yake. Hili la mwisho anasubiri nimalize, amesimama, ana haraka ya kwenda kukamua.